Swichi ya 2G Iko Mkononi mwa Nani? Swali la Watu wa Visiwani kwa TCRA na Wizara ya Afya

Makamanda, kuna kipaji kimoja cha serikali hii ambacho hata sisi wapinzani hatuwezi kukibishia: kuzima. Kujenga wanajikongoja, kulipa wanachelewa, lakini ukiwapa swichi ya kuzima wanaifikia kabla hujamaliza sentensi.

Hebu tukumbushane. Desemba 31, 2012 walianza kuzima televisheni za analojia Dar es Salaam, na mapema 2013 ikafika zamu yetu Mwanza, watu wakakimbizana na ving'amuzi. Juni 16, 2016 TCRA ikazima simu feki. Januari 20, 2020 zikaanza kuzimwa laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi, TCRA hiyo hiyo ikayaandikia makampuni ya simu yasitishe huduma ya SMS za mkupuo na simu za mkupuo, kuanzia Oktoba 24 hadi Novemba 11. Mei 2025 wakaufunga mtandao wa X. Na Oktoba 29, 2025, siku ya kura, wakazima intaneti ya nchi nzima, ikarudi baada ya siku tano hivi.

Kwenye matangazo yao tulisikia habari za ving'amuzi, IMEI, vidole na usalama wa taifa. Zahanati haikuwemo kwenye hadithi. Mganga mfawidhi wa kisiwani, mwenye friji la chanjo, kitochi na rejista ya wajawazito, si mtu wa kuulizwa.

Leo nataka tumzungumzie huyo. Maana kuna swichi nyingine inakuja, na dunia nzima inaikodolea macho: swichi ya mitandao ya zamani, 2G na 3G. Afrika Kusini, kwenye sera waliyoitangaza 2024, waliweka Desemba 31, 2027 kuwa mwisho wa mitandao hiyo. Uingereza, Vodafone walimaliza kuzima 3G yao mapema 2024. Nawataja hao kwa sababu Vodacom yetu mama yake yuko Afrika Kusini na bibi yake yuko Uingereza. Ukiona ndevu za mwenzako zinaungua, zako tia maji.

Hapa kwetu minara ya 2G bado inawaka. Ndiyo maana tuulize sasa hivi, kabla hatujatajiwa tarehe na kupewa miezi mitatu ya kukimbizana.

Wengi mnaosoma hapa mko kwenye 4G, wengine 5G ya pale Nyamagana. Herufi "E" ikitokea juu ya simu yako unaona umerudi enzi za Nokia ya tochi. Lakini hiyo E na hiyo G ndizo zinazoshikilia sehemu kubwa ya huduma ya afya kijijini, kwa njia ambayo haionekani mpaka siku ikikatika.

Anzia kwenye chanjo. Chanjo nyingi za watoto lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Joto likizidi zinaharibika. Likishuka mpaka barafu, chanjo kama ya homa ya ini na ya HPV nazo zinakufa, na ukiitazama chupa kwa macho huoni tofauti yoyote. Mtoto anachomwa, kadi ya kliniki inapigwa tiki, mama anarudi nyumbani ametulia, na kinga hakuna. Ndiyo maana kuna vipimajoto vinavyofungwa ndani ya friji vikiwa na laini ya simu: joto likitoka kwenye mstari, kifaa kinatuma ujumbe kwa mganga na kwa mratibu wa chanjo. Vifaa vya aina hii, kama ColdTrace ya taasisi ya Nexleaf ya Marekani, vilitengenezwa vitumie ujumbe wa SMS kwa makusudi kabisa, kwa sababu watengenezaji walijua kijijini kinachopatikana ni 2G. Halikuwa kosa lao, ilikuwa akili. Tatizo ni kwamba modemu ya 2G iliyo ndani ya kifaa huwezi kuiambia "hamia 4G" kama unavyopandisha toleo la WhatsApp. Mtandao ukizimwa, kile kifaa kitaendelea kupima joto vizuri tu, kitaendelea kuwasha kataa yake ya kijani, ila hakuna atakayepokea ujumbe.

Nenda kwenye maabara. Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inatoa majibu ndani ya saa mbili hivi. Lakini jibu likikaa kwenye mashine halimponyi mtu, na ndiyo maana katika nchi nyingi mashine hizi zimeunganishwa na modemu yenye laini, majibu yasafiri yenyewe. Modemu nyingi za miaka hiyo ni za kizazi gani? Ulizeni.

Halafu kuna taarifa za magonjwa ya mlipuko. Mfumo wa taifa wa kuripoti, ule wa eIDSR, ulijengwa ili mtumishi wa zahanati aweze kuripoti kwa simu ya kawaida kwa njia ya USSD, yaani zile nyota na reli kama unavyoangalia salio. Ni mfumo mzuri, nausifu bila kinyongo, maana hauhitaji bando wala simu janja. Lakini USSD na simu za kawaida ni watoto wa mitandao ya zamani. Simu ya 4G yenyewe ukibonyeza nyota na reli, mara nyingi inashuka kwanza kwenye 3G au 2G, inafanya kazi, kisha inapanda tena. Wengi hamjui kwa sababu inafanyika haraka.

Na hapa Kanda ya Ziwa hatuongei mambo ya kufikirika. Kagera ilipigwa na Marburg Machi 2023, wakafa watu 6. Januari 2025 ikarudi Biharamulo, wakafa 10. Mnakumbuka vizuri: WHO wakatoa tahadhari tarehe 14, wizara ikasema hakuna kitu, na tarehe 20 Rais akathibitisha akiwa amekaa na mkuu wa WHO. Siku sita za ukimya juu ya ugonjwa wa aina ile! Sasa ongeza juu ya ukimya wa wakubwa ukimya wa mnara, uone kitakachobaki.

Lakini mimi kinachoniumiza zaidi ni m-mama.

Kwa asiyejua: m-mama ni mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Ulianzia kwetu huku, Sengerema na Shinyanga, ukijaribiwa na Vodafone Foundation na wenzake, kabla serikali haijauchukua na kuutangaza wa kitaifa mwaka 2022. Mama akipata tatizo, mtu anapiga 115 bure. Anayepokea ni mtaalamu kwenye kituo cha kuratibu, anauliza dalili, anaamua aende wapi. Gari la wagonjwa likiwa halipo, na mara ngapi lipo, anapigiwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Dereva anampeleka mama, akifika analipwa kwenye simu yake. Hakuna kuchangishana mafuta usiku wa manane, hakuna mume kuzunguka na baiskeli akitafuta mtu wa kumkopesha.

Jamani, hicho ni kitu cha kujivunia, na aliyekibuni apewe heshima yake. Hata takwimu za serikali za vifo vya uzazi, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa 2022, m-mama huwa haikosekani kwenye maelezo yake. Februari 2025 Rais alipokea hadi tuzo ya Gates Foundation kwa ajili hiyo. Chawa wakaimba wiki nzima.

Sasa hesabu ni simu ngapi ziko kwenye ule mnyororo. Simu ya anayepiga 115. Simu ya kumtafuta dereva. Simu ya kukitaarifu kituo kinachopokea. Muamala wa malipo. Zote nne, kijijini, mara nyingi ziko kwenye kitochi. TCRA wenyewe, robo baada ya robo, takwimu zao zinaonesha simu za kawaida ni nyingi kuliko simu janja. Kitochi cha 2G hakipigi simu juu ya 4G. Na hata simu janja ya bei ya chini, kama haina uwezo wa kupiga sauti juu ya 4G, au kampuni haijaifungulia huduma hiyo, ikikosa 2G na 3G ya kushukia inageuka kuwa tochi yenye kamera.

Kuna jambo la jiografia ambalo watu wa Dodoma hawalijui, au wanajisahaulisha. Mnara wa 2G wa kawaida kwa kanuni zake unaweza kuhudumia simu iliyo mbali hadi kilomita 35, na juu ya maji, hakuna mlima wala ghorofa la kuzuia, mawimbi ya masafa ya chini yanateleza. Ndiyo maana mvuvi aliyetoka mwaloni usiku anaweza kushika mtandao akiwa katikati ya ziwa, kule ambako 3G ya masafa ya juu ilishamkimbia zamani. Ndiyo maana Ukara, Irugwa, Kome, Maisome, watu wanajua jiwe gani usimame na upande gani ugeukie ili simu itoke. Mafundi watasema 4G ya masafa ya 700 au 800 nayo inafika mbali. Kweli kabisa. Lakini mnara kufika ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni simu iliyo mfukoni mwa mkunga, na hiyo wizara haijamnunulia.

Na usiniambie habari za daraja. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, kilomita 3, zuri, tumepita, tumepiga picha. Mgonjwa wa Sengerema mjini anayekwenda Bugando limemsaidia sana, foleni ya kivuko imekwisha. Lakini mama wa Maisome au Kome bado anaanza na maji. Wa Ukara anaanza na maji kufika Ukerewe, kisha maji tena kuja Mwanza. Kwao kupiga simu mapema ndiyo daraja, kwa sababu boti haiwezi kuja kama haijaitwa. Watu wa Ukara baada ya MV Nyerere, Septemba 20, 2018, roho 228, hawahitaji mtu wa kuwafundisha maana ya msaada kuchelewa.

Kuna makamanda watasema, aah, hii ni mada ya mafundi, tuachie TCRA, sisi tupambane na Katiba Mpya. Wengine watasema ni aibu vijana wa kisasa kutetea 2G. Nawaelewa, ila someni hoja vizuri. Sitetei 2G ibaki milele. Masafa yanayobebwa na mitandao ya zamani yanaweza kubeba intaneti bora zaidi, na kuendesha mitambo ya vizazi vitatu kwa pamoja ni gharama ambayo mwisho inarudi kwenye bando lako. Siku moja 2G itazimwa na itakuwa sawa kuizima. Ninachokataa ni kuizima kwa staili ya ving'amuzi: tarehe kwanza, wananchi baadaye, zahanati kamwe.

Nchi zilizotangulia zimeshatuonesha shimo lilipo. Marekani, AT&T walipozima 3G Februari 22, 2022, vifaa vya wazee vya kubonyeza kuomba msaada na vifaa vya nyumbani vya kufuatilia betri za moyo vilitakiwa kubadilishwa kimoja kimoja, na makampuni yalikuwa yanalia muda hautoshi. Australia, nchi tajiri yenye kila kitu, ilisogeza mbele uzimaji wa 3G mpaka Oktoba 28, 2024, baada ya kugundulika kuna simu ambazo zingeonekana nzima lakini zisingeweza kupiga namba ya dharura. Uingereza walikuwa wanahama kutoka simu za mezani za waya za zamani, vifaa vya dharura vya wazee vikaanza kushindwa, na Desemba 2023 serikali ikayakalisha makampuni yakasaini kwamba hawatamhamisha kwa lazima mtu mwenye kifaa hicho mpaka ihakikishwe kinafanya kazi. Tena hao wana rejista. Wanajua bibi fulani anakaa mtaa gani na ana kifaa gani. Sisi tuna nini?

Na hata sisi tumeshapita hapo kwa udogo. Wenye umri kidogo wanakumbuka simu za mezani zisizo na waya za TTCL, zile za CDMA. Zilikuwa maofisini, kwenye mashule, kwenye vituo. Teknolojia ikapita, simu zikabaki mezani kama mapambo. Hakuna aliyelia sana kwa sababu kila mtu alikuwa na simu nyingine mfukoni. Friji la chanjo halina mfuko.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonifanya nisiwaamini hata wakija na mpango mzuri. Wataalamu wa serikali watatuambia dawa ni rahisi: hamishieni kila kitu kwenye intaneti, programu ya simu janja, taarifa zote ziende kwa data. Kwenye karatasi wako sahihi. Mei 2023 walisaini mikataba ya minara 758 vijijini, shilingi bilioni 265 na ushei, pamoja na kuongeza nguvu minara 304 kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Hongereni. Lakini intaneti hiyo hiyo ndiyo mliyoizima Oktoba 29! Siku zile, kilichobaki kwa wengi ni kupiga na kupokea simu ya kawaida. Kifaa cha hospitali kinachotegemea data hakina kadi ya chama. Hakiwezi kujieleza kwamba chenyewe hakikuwa barabarani. Ukizima data, umezima na ujumbe wa friji, umezima na majibu ya maabara.

Na SMS nayo haikupona. Tangu 2012 kina mama wa nchi hii wamekuwa wakipokea ushauri wa ujauzito kwa SMS kupitia Wazazi Nipendeni, na vituo vingi duniani vinakumbusha wagonjwa wa VVU na TB kwa njia hiyo hiyo ya ujumbe unaotumwa na mfumo kwenda kwa watu wengi. Hiyo ndiyo SMS ya mkupuo. Barua ya TCRA ya 2020 ilipoagiza mkupuo usitishwe kwa sababu ya hofu ya kampeni za wapinzani, je, kuna daktari aliyeitwa mezani? Mzee wa TCRA, kama alikuwepo, mtaje tumpongeze.

Kwa hiyo hoja yetu si "2G dhidi ya 4G". Hoja ni kwamba mwenye swichi hana wajibu wowote kwa mwenye mgonjwa. Leo anaweza kuzima kwa sababu za kibiashara, kesho kwa sababu za kisiasa, na kwenye sheria zahanati inahesabiwa kama mteja mwingine yeyote wa laini. Na hizo laini zenyewe! Laini iliyo ndani ya friji imesajiliwa kwa kidole cha nani? Cha mratibu aliyehamishwa? Cha mfadhili ambaye mradi wake umeisha? Nani anaiwekea salio?

Wasijifiche nyuma ya "hayo ni mambo ya makampuni binafsi". TTCL ni ya serikali asilimia mia. Airtel Tanzania, serikali ina asilimia 49 tangu makubaliano ya 2019. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, upo kwa sheria ya 2006 kwa kazi moja: kufikisha mawasiliano pale ambapo biashara haifiki. Na walipotaka tozo ya miamala, Julai 15, 2021, makampuni yote yaliwekwa kwenye mstari mmoja na kila muamala wa bibi wa Kwimba ukaonekana. Uwezo wa kuona upo. Walichokuwa wanatafuta siku ile ni hela.

Tunachodai ni hiki, na madiwani wetu na wagombea wetu wakibebe kila mahali. Kwanza, Wizara ya Afya na TAMISEMI waweke hadharani orodha, halmashauri kwa halmashauri, ya kila kifaa cha tiba na kila mfumo wa afya unaotegemea mtandao wa simu: uko kwenye kizazi gani cha mtandao, laini ni ya nani, analipa nani. Pili, TCRA isiruhusu kampuni kuzima 2G au 3G kwenye kata yoyote mpaka Mganga Mkuu wa Mkoa asaini kwamba vifaa vimebadilishwa na vimejaribiwa papo hapo, mwaloni na kisiwani. Tatu, UCSAF igharamie simu za watumishi wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zenye uwezo wa kupiga sauti juu ya 4G, kabla ya swichi. Nne, na hapa najua watanuna: iwe kosa kisheria kuzima data au SMS bila kuacha wazi njia za vituo vya afya, hata kama aliyeagiza ni nani.

Hayo ya wakubwa. Kazi yetu wenyewe inaanza wiki hii. Kamanda uliyeko Nansio, Bugolora, Kome, Nyakaliro, Magu, Misungwi, nenda kwenye zahanati ya kata yako kwa adabu, msalimie mganga mfawidhi, usiende na bendera. Muulize maswali matatu: friji la chanjo lina kipimajoto chenye laini? Ukiita 115 unatumia simu ya aina gani, na unasimama wapi ili itoke? Oktoba 29 mpaka intaneti iliporudi, kitu gani hapa kilisimama? Majibu yaandike, jina lake usiliandike popote, maana wanajua kuhamisha watu. Kikao cha baraza la madiwani kinachofuata, wenyeviti wetu wa kata wayapeleke kwa maandishi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na wadai kupewa nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.